Wiki mbili za kwanza kambini: mwongozo kwa mchezaji mgeni wa besiboli ya kulipwa Marekani

Timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli huanza mwaka kambini. Nusu yao hukusanyika Arizona, kuzunguka jiji la Phoenix, na nusu nyingine Florida. Warushaji, wanaomrushia mpigaji mpira, na wadakaji, wanaoupokea nyuma yake, ndio wa kwanza kuripoti, katikati ya Februari. Wachezaji wa nafasi nyingine hufuata siku kadhaa baadaye, na wale wa ligi ndogo, yaani ngazi za chini za timu hizohizo, ambao hawakuitwa kwenye kambi kubwa huingia baada yao. Mwishoni mwa Machi msimu unafunguliwa. Jumla ni wiki sita hivi, na kwa mgeni mbili za mwanzo ndizo nzito.

Njia hii vijana wa kwetu wameshaanza kuipita. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na Pittsburgh Pirates tarehe 26 Aprili 2017, mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Watakaofuata wanahitaji kujua mambo ambayo mchezaji wa Marekani huyachukua shuleni na chuoni bila kufundishwa na mtu.

Jambo moja litangulie mengine yote. Hakuna anayepewa nafasi kwa sababu alirusha mpira kwa kasi kuliko wenzake siku ya kwanza, lakini kila mwaka wapo wanaopoteza msimu mzima kwa kujaribu. Timu ilipokusaini ilikuwa imeshakiona kipaji chako. Februari inataka kuona kama unajua pa kusimama, na kama mkono wako utafika Aprili ukiwa mzima.

Kabla ya kupanda ndege

Viza ya mchezaji wa kulipwa ni ya daraja la P-1, na anayeanza kuiombea ni timu. Kazi yako wewe ni jina. Jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane herufi kwa herufi kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na mkataba. Ofisi ya ligi huchunguza umri na utambulisho wa wachezaji wa kigeni, na “Mohamed” huku na “Muhammad” kule vinatosha kukuchelewesha wiki nyingi. Kama kuna tofauti, irekebishe nyumbani kwa kiapo cha kisheria kabla faili halijaondoka.

Omba kufika siku nne au tano mapema. Arizona iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10, na Florida kwa saa 8 katika Februari. Mwili ambao haujalala unavuta msuli upesi, na msuli wa paja ukivutika wiki ya kwanza unakuweka nje wiki tatu.

Vifaa vyako vijaribiwe nyumbani. Chukua glavu mbili za nafasi yako, moja ya mechi iliyokwisha kulainika na nyingine ya akiba ambayo bado unailainisha. Wa uwanja wa ndani, yaani wanaocheza karibu na besi zile nne za kukimbilia, hutumia inchi 11.25 hadi 11.75, mrushaji karibu inchi 12, wa uwanja wa nje inchi 12.5 hadi 12.75. Glavu kubwa kupita kiasi kwa mchezaji wa ndani inauficha mpira ndani, na ile nusu sekunde unayoutafuta kwa vidole ndiyo mkimbiaji anayoihitaji. Njumu za meno ya chuma zivae nyumbani kwa majuma mawili walau, maana malengelenge ya kisigino ni aibu ya kuepukika. Ongeza viatu vya mpira vya mazoezi na raba za kukimbilia. Kinga ya nyeti ni lazima kwa mdakaji na kwa kila anayecheza uwanja wa ndani.

Magongo hutolewa na timu, ila utaulizwa urefu na uzito, nawe usijibu “lolote”. Wengi hutumia inchi 33 hadi 34 na aunsi 31 hadi 32, yaani gramu 880 hadi 910 hivi. Kama umekulia kwenye aluminiamu, tafuta la mbao miezi kadhaa kabla. Mbao haisamehe mpira unaogonga karibu na mikono: gongo linavunjika na mpira unakufa miguuni. Alama ya kiwanda iangalie juu au chini wakati gongo linakutana na mpira, kamwe isiangalie mpira wenyewe, kwa sababu imewekwa upande dhaifu wa mbao. Lami ya msonobari ya kushikia isipande zaidi ya inchi 18 kutoka mwisho wa mpini.

Saa na ubao

Hapa ndipo Mswahili hujikwaa. Ratiba ikisema 6:45 asubuhi, kwetu hiyo ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Iandike kwa mtindo wa kwao, iseme kwa mtindo wa kwao, na usiitafsiri kichwani ukiwa na usingizi. Kambi za Florida zina mtego mwingine: usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele kwa muda wa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haitajirekebisha. Arizona haibadilishi saa.

Mazoezi yakipangwa kuanza 9:30, hiyo ni saa ya kuanza kunyoosha viungo ukiwa tayari na njumu. Kabla yake kuna kifungua kinywa, tiba, chumba cha uzito na kikao. Mgeni afike zikiwa zimebaki saa mbili na nusu hadi tatu mazoezi yaanze. Ubaoni, au kwenye programu ya simu ya timu, utakuta jina lako limewekwa kwenye kundi, na kundi kwenye uwanja wenye namba, pengine kutoka 1 hadi 6. Soma ubao jioni, usome tena asubuhi, maana hubadilika usiku. Kisha utembee hadi kwenye kila uwanja siku ya kwanza, kabla ya mazoezi, ujue mlango uko wapi. Mtu anayekimbia na begi kati ya viwanja akiuliza njia ameshaonekana na kila kocha.

Kwa daktari

Siku ya kwanza ni ya vipimo: damu, mkojo, moyo, macho, mabega, viwiko, magoti. Sema kweli kuhusu maumivu ya zamani. Picha za ndani ya bega zitaonyesha tu, na aliyeficha huonekana mdanganyifu kabla hajarusha mpira mmoja.

Mambo matatu ya kwetu uyaseme bila kuulizwa. La kwanza, kama umebeba chembe ya selimundu. Wengi wanaoibeba wana afya njema na hucheza vizuri, lakini mbio za nguvu mfululizo kwenye joto zinaweza kuvunja misuli yao kwa namna ya hatari, na mkufunzi akijua atakupa mapumziko kati ya mbio. La pili, ukipata homa katika miezi ya mwanzo, tamka neno malaria wewe mwenyewe na useme umetoka wapi. Daktari wa Phoenix ataanza na mafua, na kwa malaria siku mbili za kubahatisha ni nyingi. La tatu, kama unafunga. Mwaka 2025 na 2026 Ramadhani imeangukia kwenye wiki za kambi, na mtaalamu wa lishe akiambiwa mapema anaweza kukupangia daku, futari, maji, na kusogeza mazoezi ya uzito. Asipoambiwa, atakuona tu umelegea saa saba mchana asijue kwa nini.

Dawa yoyote, hata ya kikohozi, ipelekwe kwa mtabibu wa timu kwanza. Unga wa kujenga mwili wa dukani na mitishamba ya nyumbani viache nyumbani. Virutubisho salama ni vile vyenye nembo ya NSF Certified for Sport, navyo timu inavyo. Miraa ni haramu kwa sheria ya Marekani, usiiweke hata kwenye mfuko wa koti. Katika ligi kuu, kosa la kwanza la dawa za kuongeza nguvu ni kufungiwa mechi 80, la pili 162, la tatu maisha. “Sikujua kilichokuwemo” haikuokoi.

Mkono

Mrushaji haji kambini kuanza kurusha. Anakuja akiwa amesharusha kwa wiki nane au zaidi: kwanza mita 14, kisha 18, kisha 27, kisha 36, siku tatu hadi tano kwa wiki, na mwishoni akiwa amepanda kichuguu mara kadhaa. Kichuguu ndicho kile kilima cha mrushaji, na kutoka kibao anachokanyaga hadi “nyumbani”, yaani bamba anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Kurusha ukiwa umesimama juu ya kilima kunaubebesha mkono mzigo tofauti na kurusha tambarare, kwa hiyo mtu aliyejiandaa tambarare tu hajajiandaa.

Kambini ngazi hupangwa hivi, kwa makadirio yanayotofautiana kidogo kati ya timu na timu. Kikao cha kwanza cha kichuguuni ni mipira 25 hadi 30, mingi ikiwa ya moja kwa moja na ya kupunguza mwendo, ile ya kupinda michache. Baada ya siku mbili, 30 hadi 35. Cha tatu hufika 40, mpigaji akisimama pembeni bila kupiga. Kisha unarushia wapigaji wa timu yako, mipira 20 hadi 25. Kisha mechi: iningi moja (kipindi kimoja cha mechi), au mipira 20, chochote kitakachotangulia. Anayeandaliwa kuanza mechi huongezewa mipira kama 15 kila baada ya siku tano, mpaka afike 75 hadi 90 mwisho wa Machi. Wa kuingia katikati hubaki kwenye iningi moja moja, na baadaye hujaribiwa siku mbili mfululizo.

Sasa tazama linaloharibika. Nyuma ya wavu kwenye kikao cha kwanza wamesimama watu sita au saba na mashine za kupima kasi, kamera na tableti. Kulia kwako anarusha mtu uliyekuwa ukimtazama kwenye simu. Moyo unapiga, mguu wa mbele unatua mbali kuliko kawaida, bega linafunguka mapema, na mkono uliopangiwa asilimia 80 unapelekwa 100. Mipira kumi ya kwanza inapendeza. Ya ishirini na tano inaanza kupaa juu ya mdakaji, na hiyo ndiyo dalili: miguu imechoka na kiwiko kinafanya kazi yake na ya miguu. Dawa yake ni ya mapema. Kabla hujapanda, mwambie mdakaji idadi yako na aina za mipira, na umwombe akuhesabie kwa sauti. Chagua nukta moja tu ya kuangalia, mfano goti lake la kushoto, na baada ya kila mpira shuka kichuguuni hatua moja, vuta pumzi, panda tena. Mtu anayeshuka kila mara hawezi kuharakisha.

Jifunze kutofautisha uchovu na jeraha. Uzito uliosambaa nyuma ya bega na kwenye kwapa siku inayofuata ni wa kawaida, na hupungua ukipasha moto. Maumivu makali ya ndani ya kiwiko, upande unaogusana na mbavu, si ya kawaida. Ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete si ya kawaida. Mchomo wa ubavuni unapozungusha kiwiliwili au kupiga chafya si wa kawaida. Ukikipata kimoja kati ya hivyo, acha hapo hapo, usirushe hata mmoja wa “kujaribu”, na uende kwa mtabibu siku ileile. Anayesema siku ya kwanza mara nyingi hupumzishwa siku chache akarudi. Kano ya kiwiko ikikatika na kuhitaji upasuaji wa Tommy John, mrushaji hukaa nje mwaka mmoja au zaidi. Vijana wengi wa kwetu wamelelewa kuvumilia maumivu kimya kimya, na ni malezi yenye heshima, ila kwenye kiwiko cha mrushaji yanagharimu kazi.

Wasio warushaji nao wana mikono. Siku tatu za kwanza mchezaji wa uwanja wa nje anatakiwa kupeleka mpira kwa mpokezi wa kati kwa mstari wa chini, basi. Kurusha kutoka ukutani hadi nyumbani ili watu washangae ndiko kunakovimbisha bega.

Kufunika besi ya kwanza

Kila asubuhi ya wiki ya kwanza warushaji hurudia zoezi moja mpaka linachosha, na wageni wengi hulidharau. Mechi hupotea hapo. Mpira ukipigwa chini kuelekea kushoto kwako ukiwa kichuguuni, ondoka papo hapo, kabla hujajua nani ataudaka, kwa sababu anayelinda besi ya kwanza akiufuata mpira, wewe ndiye wa kuupokea besini. Usiikimbilie besi yenyewe. Lenga mahali kwenye mstari wa pembeni, mita tatu au nne kabla ya besi. Ukifika hapo geuka, kimbia sambamba na mstari, ndani ya uwanja, ukifupisha hatua, glavu ikiwa wazi mbele ya kifua. Daka mpira kwanza. Ndipo uitazame besi, uikanyage ukingo wake wa ndani kwa mguu wa kulia, na ugeukie kushoto, ndani ya uwanja, mpira ukiwa tayari mkononi.

Kila kipande kina sababu. Anayeikimbilia besi moja kwa moja anafika akiwa anakata njia ya mkimbiaji, na wawili hao wakigongana ni goti la mmoja wao. Mguu wa kulia kwenye ukingo wa ndani unamwachia mkimbiaji upande wake. Kugeuka kushoto ni kwa sababu aliyekuwa besi ya pili huenda hakusimama besi ya tatu, na wewe ukishangilia umempa alama. Tangu 2023 besi zina upana wa inchi 18 badala ya 15, kwa hiyo nafasi ya kukanyaga imeongezeka. Usikanyage katikati kwa sababu hiyo.

Zoezi hilo huandamana na mipira ya banti, ile ambayo mpigaji hauzungushii gongo bali anaugusa tu ubingirike. Sheria ni moja: anayemwona mkimbiaji ndiye anayetamka pa kurusha, kwa kawaida mdakaji. Taja namba ya besi mara tatu kwa sauti ya juu. Sauti ndogo ya adabu haisikiki uwanjani.

Kupiga

Makundi huwa ya watu wanne au watano. Mmoja anapiga, mmoja anasubiri akiwa na helmeti, wengine wanakimbia besi au wanaokota mipira uwanja wa nje. Raundi ya kwanza huanza kwa banti mbili, kisha mpira wa kumsogeza mkimbiaji, kisha mapigo matano au sita. Raundi zinazofuata hupungua idadi. Hesabu mwenyewe na utoke kwa wakati. Anayeiba pigo la ziada anamwibia aliye nyuma yake. Mipira ya mwanzo ipeleke katikati na upande wa mbali nawe. Kuipiga juu ya ukuta raundi ya kwanza hakumshangazi kocha, ila kunakuzoesha kufungua bega mapema, na siku ya mechi mpira wa kupinda utakukuta umeshamaliza.

Unapokutana na warushaji wenzako mara ya kwanza, una ruhusa ya kusimama na kutazama tu mipira ipite. Wazoefu wengi hufanya hivyo siku za mwanzo. Macho yanapima mwendo kabla mikono haijaanza kazi.

Usalama ni huu: viwanja kadhaa vinapigwa mipira kwa wakati mmoja. Usimpe mgongo mpigaji yeyote, usizungumze ukiwa umelitazama benchi, na glavu isitoke mkononi. Ukisikia “heads!” usiinue uso kutafuta mpira. Inama na ufunike kichwa kwa mikono.

Ishara na saa ya kurusha

Kocha wa besi ya tatu hugusa kofia, sikio, kifua, mkanda, paja, tena na tena. Nyingi ni uongo. Kuna ishara moja ya kufungua, tuseme mkanda, na kinachoguswa mara baada ya hapo ndicho agizo: kifua kuiba besi, kofia kupiga banti. Kuna pia ya kufuta, mfano kupangusa mkono mzima, na ikija, yote yaliyotangulia yamekufa. Wageni hufanya makosa mawili. Wengine huacha kutazama wakishaiona ishara yao, na mpinzani anajua agizo liko wapi. Wengine hukosa ya kufuta. Tazama mpaka kocha amalize, kila mara, hata kama hakuna lolote. Ukichanganyikiwa, omba arudie kwa kuzungusha mikono. Hakuna kocha aliyewahi kumkasirikia anayeuliza kama anavyomkasirikia anayekisia.

Kati ya mdakaji na mrushaji, ligi kuu inatumia kifaa cha PitchCom tangu 2022: mdakaji anabonyeza, sauti inatamka aina ya mpira ndani ya kofia. Usikitegemee peke yake. Kikizimika mnarudi kwenye vidole, na kwa desturi kimoja ni mpira wa moja kwa moja, viwili wa kupinda, vitatu slaida (wa kasi unaokwepa pembeni), vinne wa kupunguza mwendo. Mkimbiaji akiwa besi ya pili anaviona vidole hivyo, kwa hiyo mnakubaliana mapema kwamba ishara ya kweli ni ile ya pili, au ile inayofuata namba fulani.

Saa ya kurusha ilianza ligi kuu mwaka 2023. Sasa ni sekunde 15 besi zikiwa tupu na 18 kukiwa na mkimbiaji; ligi ndogo zina tofauti zao, uliza za kwako. Mpigaji awe amesimama na macho kwa mrushaji zinapobaki sekunde 8. Mrushaji akichelewa anahesabiwa mpira mbaya, mpigaji akichelewa anahesabiwa straiki, yaani alama dhidi yake. Mrushaji anaweza kuondoka kwenye kibao au kumrushia mkimbiaji mara mbili kwa kila mpigaji. Ya tatu isipomtoa mkimbiaji, anasogezwa besi moja mbele bure. Na tangu msimu wa 2026 ligi kuu inaruhusu kupinga uamuzi wa straiki kwa kamera: kila timu ina nafasi mbili za kukosea, na wanaoweza kuomba ni mpigaji, mdakaji na mrushaji tu, kwa kugonga kofia papo hapo. Kama una mazoea ya kurekebisha helmeti kila mpira ukipita, yaache Februari hii.

Chumba cha kubadilishia nguo

Kabati lako lina jina na namba. Namba itakuwa kubwa, 70 au 90 na kitu. Ni kawaida ya wageni, usiombe ibadilishwe. Ndani utakuta kamba ya nailoni yenye klipu: soksi na nguo za ndani zilizotumika zifungwe humo kabla ya kutupwa kwenye kapu la kufulia, la sivyo hazitarudi. Wanaofua na kupanga nguo huanza kabla yako na huondoka baada yako. Wajue kwa majina. Ni hao watakaokuambia leo jezi ni rangi gani, na uliza ngazi yako ina utaratibu gani wa kuwatunza.

Hakuna shikamoo huko, na hutaonekana mkosefu wa adabu kwa kumwita kocha wa miaka sitini kwa jina lake la kwanza, au “Coach” tu. Mtazame usoni anapokuelekeza. Kwetu kijana akiinamisha macho anaheshimu. Kwao anaonekana hajaelewa au amekasirika. Ukimaliza kusikiliza, rudia agizo kwa maneno yako mwenyewe. Hapo mzee atajua umeelewa, na Kiingereza utajifunza njiani.

Jifunze Kihispania pia. Zaidi ya robo ya wachezaji wa ligi kuu wamezaliwa nje ya Marekani, wengi wakiwa wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na kwenye ligi ndogo utakuta meza nzima zinakula kwa Kihispania. Maneno matatu ya kukuokoa uwanjani: “mía” ni wangu huu, “tuya” ni wako, “tírala” ni urushe. Mpira wa juu kati ya wawili wasioelewana unaishia kwenye vichwa.

Pesa, na mkeka

Tangu makubaliano ya 2023, kima cha chini cha mwaka kwa ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo kilipanda kutoka dola 4,800 hadi 19,800, na makazi hutolewa na timu kwa wengi. Kodi hukatwa kabla hujaishika. Fungua akaunti wiki ya kwanza, shughulikia namba ya Social Security (namba ya serikali ya mfanyakazi) mara timu itakapokuelekeza, na uamue kiasi cha kutuma nyumbani kabla simu hazijaanza kulia.

Kubeti kunastahili aya yake, maana kwetu mkeka ni kama gazeti la asubuhi. Kanuni ya 21 ya ligi imebandikwa ukutani katika kila chumba cha timu. Ukibeti mechi yoyote ya besiboli ambayo huhusiki nayo, ni mwaka mmoja nje. Ukibeti inayokuhusu, ni maisha. Juni 2024 mchezaji Tucupita Marcano alifungiwa maisha, na wengine wanne wakafungiwa mwaka mmoja siku hiyohiyo. Kubeti kwa niaba ya binamu ni kubeti. Kumwambia rafiki kwamba mrushaji wenu anaumwa bega ni kumpa habari ya ndani. Futa programu hizo kwenye simu kabla ya kupanda ndege, pamoja na namba iliyosajiliwa kwa jina lako ambayo ndugu huitumia.

Orodha inapopunguzwa

Timu kubwa inabakiza wachezaji 26. Kuanzia Machi wengine hupangiwa ngazi zao, asubuhi na mapema, kwa kuguswa bega na kuambiwa meneja anakuhitaji. Kwa mgeni karibu kila mara maana yake ni kuhamia upande wa ligi ndogo, viwanja vya nyuma palepale. Wengine hubaki kambini baada ya timu kuondoka, wakisubiri ligi ya ngazi ya chini inayochezwa Arizona na Florida kuanzia Mei.

Ukiwa ofisini uliza matatu, kwa utulivu: nitacheza ngazi gani, ni kitu gani kimoja mnataka nirekebishe, na nani atakuwa akinifuatilia. Andika majibu kabla hujafika kwenye kabati. Kisha weka vifaa begini, rudisha kamba ya kufulia, wape mkono waliokuwa wakikufulia, na uulize mazoezi ya upande wa pili yanaanza saa ngapi, kwa sababu mara nyingi huanza mchana ule ule.